Mkulima wa Ukambani na mvua isiyo na ahadi

WAHENGA walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba kila wingu huleta mvua, na kwa mkulima wa Makueni, Kitui au Machakos, tofauti kati ya mambo hayo mawili hupimwa kwa kilo za mbegu.

Ifikapo katikati ya mwezi wa Oktoba, mashamba mengi katika kaunti hizo tatu huwa yameshalimwa, au yanamaliziwa kulimwa kwa plau ya ng'ombe. Udongo ni mkavu na vumbi limetanda. Jioni mawingu mazito hukusanyika, kisha usiku hutawanyika bila kudondosha hata tone. Nyumbani, mbegu zimehifadhiwa mahali pasipofikiwa na panya. Ekari moja ya mahindi huhitaji takriban kilo 10 za mbegu, na familia nyingi hazina kilo nyingine 10 za akiba. Mwenye shamba hana budi kuamua: apande sasa katika udongo mkavu, au angoje hadi mvua ianze kwa yakini?

Akipanda mapema na mvua ikawahi, atavuna vizuri kumliko jirani yake. Akipanda mapema, mvua ya siku mbili ikanyesha kisha jua likarudi kwa wiki tatu, mbegu zitaota na kukauka, naye atalazimika kununua nyingine wakati ambapo kila mtu anazitafuta. Akingoja mno, mahindi yatachanua mvua ikiwa imeshakwisha. Hakuna uamuzi usio na hatari, wala hakuna awezaye kumhakikishia lolote. Subira inayosifiwa na methali nyingi za Kiswahili huja kupimwa hapo, kwa kuwa heri inayovutwa na subira hiyo huenda isije kabisa.

Sehemu nyingi za Kenya hupata mvua mara mbili kwa mwaka kwa sababu jua la utosini huvuka ikweta mara mbili, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, na ukanda wa mawingu hulifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Masika, yaani mvua ya Machi hadi Mei, hujulikana na Wakenya wengi kama msimu mkuu wa kilimo. Mashariki mwa nchi mambo ni kinyume. Wakulima wa Ukambani huegemea vuli, mvua ya Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa ndiyo inayoaminika zaidi. Hata hivyo, kuaminika zaidi si sawa na kuaminika.

Haraka ya kupanda mapema haitokani na ukosefu wa subira pekee. Katika miaka ya 1950, mwanasayansi H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti katika kituo cha Muguga karibu na Nairobi, alichunguza udongo uliokaushwa kabisa kisha ukaloweshwa. Aliona kwamba vijidudu vya udongoni hufufuka ghafla, huozesha mabaki ya mimea kwa kasi kubwa na kutoa nitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Jambo hilo hujulikana na wanasayansi duniani kwa jina lake hadi leo. Maana yake kwa mkulima ni kwamba mvua ya kwanza huja na mbolea ya bure. Mbegu iliyokwisha kuwa ardhini hufaidi chakula hicho. Ile itakayopandwa wiki mbili baadaye hukuta mvua imekizamisha chini, mahali ambapo mizizi michanga haifiki. Wazee waliokuwa wakiwahimiza watoto wao wapande kabla ya mvua hawakuwa na jina la nitrojeni, lakini mavuno walikuwa wameyaona.

Kuna sababu ya pili, nayo ni kalenda. Mahindi ya Katumani, aina iliyoendelezwa katika kituo cha utafiti cha Katumani huko Machakos na kuwafikia wakulima katika miaka ya 1960, yalichaguliwa kwa sababu hukomaa haraka. Huchanua takriban wiki saba au nane baada ya kupandwa. Yakiota mwanzoni mwa Novemba, maua hutokea karibu na Krismasi, udongo ukiwa bado na unyevu. Yakiota mwishoni mwa Novemba, maua hukutana na jua kali la Januari, na mhindi usiopata maji wakati wa kuchanua hutoa gunzi lisilo na punje. Kwa hiyo anayesema kwamba atangoja mpaka apate uhakika hana muda usio na kikomo. Kungoja nako kuna bei yake, na bei hiyo huongezeka kila siku inayopita.

Je, mvua huhesabiwa kuwa imeanza lini? Wataalamu wa hali ya hewa katika ukanda huu hutumia kipimo kinachoeleweka hata bila vyombo vya kisasa: jumla ya milimita 20 ndani ya siku tatu zinazofuatana, bila kufuatwa karibuni na kipindi kirefu cha ukavu. Sehemu ya kwanza ya kipimo hicho yeyote anaweza kuithibitisha kwa kuchimbua udongo na kuona unyevu umeshuka kiasi gani. Ugumu uko katika sehemu ya pili, kwa kuwa inahusu siku ambazo bado hazijafika. Ndiyo maana mwanzo wa kweli wa msimu hujulikana baada ya kupita, na mwanzo wa uongo vilevile.

Hapo ndipo watu hugeukia utabiri. Kabla ya kila msimu, wataalamu wa mataifa ya Upembe wa Afrika hukutana chini ya kituo cha ICPAC, ambacho makao yake yako Ngong karibu na Nairobi, wakalinganisha hesabu zao. Mikutano hiyo imekuwa ikifanyika tangu mwaka wa 1998. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa iliyoko Dagoretti Corner, Nairobi, nayo hutoa utabiri wa Kenya, ambao siku hizi hufasiriwa hadi ngazi ya kaunti.

Utabiri huo husomwa vibaya mara nyingi, na kosa si la wasomaji peke yao. Wataalamu hugawanya historia ya mvua ya mahali katika mafungu matatu yaliyo sawa: misimu ya mvua nyingi, ya kawaida na ya mvua haba. Mtu asiyejua lolote kuhusu mwaka ujao angelipa kila fungu asilimia 33. Kazi ya mtaalamu ni kusema fungu lipi limezidi uzito mwaka huo. Anaweza kusema, kwa mfano, kwamba uwezekano wa mvua nyingi ni asilimia 45, wa mvua ya kawaida asilimia 30, na wa mvua haba asilimia 25. Redioni habari hiyo hufupishwa kuwa "mvua kubwa yaja". Ukweli ni kwamba katika kila misimu minne yenye utabiri wa aina hiyo, mmoja hutarajiwa kuwa wa ukame. Mkulima aliyeangukiwa na msimu huo mmoja hakudanganywa na Dagoretti. Alipewa asilimia akaambiwa ni ahadi.

Isitoshe, utabiri wa msimu huzungumzia jumla ya mvua ya miezi mitatu katika eneo pana. Hauwezi kueleza bonde moja litapata nini, wala wiki ipi itakuwa kavu. Msimu unaweza kufikia kiwango cha kawaida kwa mafuriko ya siku kumi, kisha mahindi yakanyauka katika wiki nne zinazofuata.

Kinachowasaidia watabiri ni bahari. Vuli ya Kenya huathiriwa mno na joto la maji ya Bahari ya Pasifiki na ya Bahari Hindi. Maji ya Pasifiki yanapopata joto kupita kiasi, hali iitwayo El Nino, vuli huelekea kuwa kubwa. Yanapopoa, hali iitwayo La Nina, huelekea kuwa haba. Bahari Hindi nayo ina mbembeo wake ulioelezwa na wanasayansi mwaka wa 1999: upande wa Afrika ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu husogea kwetu. Mwaka wa 1997 bahari zote mbili zilielekea upande mmoja na Kenya ikafurika. Mwaka wa 2015 El Nino ya Pasifiki ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa, nchi ikajiandaa kwa maafa, lakini mvua haikufikia ile ya 1997. Miaka minane baadaye ikawa kinyume. Mapema Oktoba 2023 wananchi waliambiwa na uongozi wa nchi kwamba El Nino iliyohofiwa haingekuwa na makali. Kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100.

Masika ni fumbo gumu zaidi, kwa kuwa hayashikamani na bahari hizo kwa namna iliyo wazi kama vuli. Anayengoja mvua ya Machi huingoja akiwa na habari chache kumliko anayengoja ya Oktoba.

Swali linalobaki ni jinsi binadamu anavyostahimili hali kama hiyo. Mwaka wa 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio walilowafanyia watu 45. Kila mmoja alicheza mchezo wa kompyuta ambapo alikisia kama chini ya jiwe kulikuwa na nyoka. Nyoka alipokuwapo, mchezaji alipigwa mshtuko wa umeme mkononi ulioleta maumivu. Watafiti walipima jasho na upanukaji wa mboni za macho. Ilibainika kwamba wasiwasi ulifikia kilele uwezekano wa kupigwa ulipokuwa nusu kwa nusu. Wale waliojua kwa yakini kwamba wangeumia walikuwa na utulivu kuliko wale waliokuwa na matumaini ya nusu.

Aliyewahi kungoja matokeo ya mtihani au majibu ya daktari hahitaji maabara kulithibitisha hilo. Lakini jaribio hilo linaangaza jambo moja kuhusu shamba. Ikiwa hali ya kutojua huumiza kuliko habari mbaya yenyewe, basi mtu atafanya lolote ili aimalize, hata lile linalomdhuru. Mkulima anayemwaga mbegu zote ardhini kwa sababu ya ngurumo ya kwanza huenda hakukokotoa faida ya nitrojeni. Huenda amechoka tu kuamka usiku kutazama mawingu. Hali kadhalika yule anayekata tamaa mapema, akauza ng'ombe wake wa plau ili asiwaze tena habari ya kulima. Wote wawili wamenunua utulivu wa moyo kwa bei ya mavuno.

Wakulima wazoefu wa nchi kavu wana dawa yao, nayo si ya kujikaza kisabuni. Hawaweki shamba zima chini ya uamuzi mmoja. Sehemu moja hupandwa kavu, kabla ya mvua, na sehemu hiyo hupewa mazao yasiyokata tamaa upesi. Mtama unapokosa maji husimamisha ukuaji wake, ukakaa kama uliolala, kisha ukaendelea mvua inaporudi. Mahindi hayana ujuzi huo. Sehemu ya pili hungoja hadi udongo ulowe kwa kina cha kutosha. Mbegu kidogo hubaki nyumbani, hazipandwi hata mvua ikinyesha namna gani, hadi itakapoonekana kwamba miche ya kwanza imeshika. Akiba hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kulala. Katumani ina sifa nyingine inayofaa hapa: si mbegu chotara, hivyo mkulima anaweza kuchagua magunzi mazuri ya shamba lake na kuyahifadhi kwa msimu ujao, jambo ambalo mwenye mbegu chotara hulifanya kwa hasara.

Aidha, wanajiwekea siku ya mwisho kabla ya msimu kuanza, wakati akili imetulia. Ikifika siku hiyo, kwa wengine ni katikati ya Novemba, na mvua haijaja, mahindi yanaachwa na nafasi yake inachukuliwa na ndengu au kunde, ambazo hukomaa mapema zaidi. Anayengoja akiwa na siku yake ya mwisho hana haja ya kujiuliza kila asubuhi kama amekuwa mvumilivu au mpumbavu.

Muda wa kungoja nao una kazi zake. Machakos ndiko yalikoenea matuta ya fanya juu, ambapo mtaro huchimbwa kando ya mteremko na udongo wake kutupwa upande wa juu, hadi shamba likawa ngazi zinazozuia maji yasikimbie. Mvua ikiwa nyingi, matuta huokoa udongo. Ikiwa haba, huhifadhi kila tone. Mabwawa ya mchanga yaliyojengwa katika mito ya misimu ya Ukambani hufanya kazi vivyo hivyo: ukuta huzuia mchanga, mchanga huhifadhi maji yasiyofikiwa na jua. Kazi ya aina hii ina faida kwa vyovyote matokeo yatakavyokuwa, na labda ndiyo sababu huituliza nafsi kuliko kusikiliza utabiri mara tatu kwa siku.

Si watu wa Dagoretti pekee wanaoulizwa habari za mvua. Ukoo wa Nganyi huko Emuhaya, kaunti ya Vihiga, una sifa ya vizazi vingi ya kutabiri mvua kwa kutazama maua ya miti, wadudu na ndege. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, wazee wa ukoo huo wamekaa meza moja na wanasayansi kulinganisha utabiri na kuutangaza kwa pamoja kwa lugha inayoeleweka na wenyeji. Waliokejeli hatua hiyo walisahau kwamba takwimu isiyoaminiwa na mkulima haina faida shambani.

Lakini kuna ngojeo ambalo subira haitoshi, na haifai kufichwa. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilifeli katika maeneo makubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Kenya peke yake ilipoteza zaidi ya mifugo milioni mbili. Kila msimu ulipofeli, mfugaji wa Marsabit au Wajir alikuwa na sababu ya kujiambia kwamba haiwezekani unaofuata ufeli tena. Ilikuwa hesabu ya moyo. Mvua haina deni inalolipa. Kinyume chake, La Nina iliendelea kwa miaka mitatu mfululizo, hivyo vuli moja mbaya ilikuwa dalili kwamba inayofuata ingeweza kuwa mbaya pia, na watabiri walilitangaza hilo miezi kadhaa kabla. Ng'ombe aliyeuzwa mapema akiwa na nyama alileta pesa. Aliyengojewa hadi akashindwa kusimama hakupata mnunuzi.

Ni rahisi kwa mtu wa mjini kumlaumu mfugaji kwa hilo. Atakayeuza mapema kisha mvua ikanyesha amejiondoa katika ufugaji kwa mkono wake mwenyewe, kwani kununua kundi jipya ni kazi ya miaka. Kumwambia auze ni kumwomba apate hasara ya hakika ili aepuke hasara ya labda, na hakuna jambo zito kwa binadamu kama hilo. Kwa ajili hiyo, Januari 2010 bima ya mifugo ya namna mpya ilizinduliwa Marsabit na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake. Bima hiyo haihesabu mizoga. Picha za setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, waliolipia hufidiwa. Baadaye mpango ulirekebishwa ili fidia itoke mapema, mfugaji anunue lishe na maji kabla mnyama hajafa. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, nayo hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 kame, ikionyesha kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari, au imevuka hapo. Taarifa hizo humpa mfugaji kile ambacho siku ya mwisho humpa mkulima: alama aliyokubaliana nayo kabla ya hofu kumfika.

Upungufu ungalipo. Kulipia bima kabla ya ukame kunahitaji pesa wakati ambapo ada za shule zinadaiwa, na aliyelipia misimu miwili mizuri bila kufidiwa huona ametupa fedha. Mnada wa mifugo nao huporomoka bei pindi kila mtu anapoamua kuuza katika wiki moja. Kwa hiyo kusema kwamba mtu ajipange mapema ni rahisi penye soko, barabara na akiba. Pasipo na hayo, anayengoja hana la kuchagua.

Vuli inapokwisha mwezi wa Januari, hesabu hufanywa upya Ukambani. Mwenye mahindi huvuna alichojaliwa. Aliyebakiza mbegu huzitoa juani kuzikagua kama zimeliwa na wadudu, na asiyebakiza huanza kuulizia kwa majirani. Utabiri wa masika hutarajiwa kuelekea mwisho wa Februari, nao ndio ule usioshikika kwa urahisi. Wakati huo mbaazi zilizopandwa pamoja na mahindi mwezi wa Novemba huwa bado zimesimama shambani, mizizi yake imezama mbali chini, na zao lake halitavunwa hadi Agosti au Septemba.